Cheka Baadaye, Mjomba

Jana usiku mjomba wangu alicheka peke yake. Sisi wengine tulikuwa tumeshacheka tukamaliza, tamthilia imeshahamia kwingine, ndipo nikamnong'oneza kwamba bwana harusi katoroka na gauni la mama mkwe. Akaangua kicheko. Binti yangu akageuka: "Baba jamani, hatusikii!" Mjomba akanyamaza, na hakuuliza tena hadi mwisho.

Mjomba haoni. Sebuleni mimi ndiye macho yake, na ni macho mabovu: nachelewa, naruka, na pakinoga ndipo nasahau kabisa kama yupo. "Subiri, nitakuambia." Utani wa kusubirishwa una ladha gani?

Halafu leo mtu mzima ananiambia maelezo ya sauti, yaani msimulizi anayemwambia asiyeona kinachotokea kwenye picha, ni "makelele ya kuharibu filamu". Makelele! Na huyo ni mtu aliyekua na redio sikioni akisikiliza mpira. Mtangazaji anakwambia winga huyo anaambaa pembeni, kipa katoka langoni, krosi inamiminwa, nawe unaruka kitini kwa bao ambalo hujaliona. Hukuita kelele, uliita utamu. Sasa msimulizi wa filamu anafanya kazi ile ile, tena kwa adabu zaidi: anangoja waigizaji wanyamaze, anachomeka maneno mawili matatu (kisu kipo chini ya mto, kitasa kinazunguka), anaondoka. Na sauti yake inakuja kwenye njia ya peke yake. Huitaki? Usiiwashe.

Gharama zipo, sawa. Na msimulizi anayesema mtu "ana huzuni" badala ya kusema kafunika uso kwa viganja, huyo afadhali asiwepo.

Ila tazameni foleni ilivyo. Sheria ya mawasiliano ya Uingereza ya 2003 iliweka lengo la asilimia 80 ya vipindi vya televisheni kuwa na maandishi kwa ajili ya viziwi. Maelezo ya sauti? Asilimia 10. Na hao ndio wanaosifiwa! Mwaka 2015 Netflix ikatoa Daredevil, tamthilia ambayo shujaa wake ni kipofu, bila maelezo ya sauti hata chembe. Shujaa hangeweza kujifuatilia mwenyewe. Watu wasioona wakaja juu, na ndani ya siku chache yakaanza kuwekwa. Siku chache! Kumbe.

Sehemu inayofuata ni Jumamosi. Mjomba kasema siku hiyo atalala mapema.