Lenzi ya Fokasi Moja Haistahili Kudharauliwa

Mtu mwenye mtoto wa jicho akishakubali kufanyiwa upasuaji, huulizwa swali ambalo wengi hawajajiandaa nalo: anataka kuwekewa lenzi gani ndani ya jicho, badala ya ile yake iliyoingia ukungu? Huonyeshwa orodha. Chini kabisa kuna lenzi ya fokasi moja, yaani inayoonyesha vizuri umbali mmoja, inayoelezwa kuwa ni ya kawaida, na juu yake kuna za fokasi nyingi zinazoahidi kuachana na miwani. Haishangazi kwamba wengi huondoka wakidhani ile ya chini ni ya wasio na uwezo wa kulipia nyingine. Naona dhana hiyo inawaumiza watu, maana huwafanya wachague kwa kutazama bei na ahadi badala ya kutazama hali ya jicho lenyewe.

Hoja ya lenzi za fokasi nyingi si ya kupuuzwa. Lenzi ya fokasi moja huona vizuri umbali mmoja tu. Ikipangwa kwa ajili ya mbali, kusoma ujumbe wa simu, maandishi ya kwenye dawa au kitabu kutahitaji miwani. Kwa mtu ambaye kazi yake inamtaka ainue na kushusha macho kila dakika, au ambaye mikono yake haina nafasi ya kushika miwani, uhuru wa kutohitaji miwani una thamani kubwa. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 20, yalionyesha kwamba waliowekewa lenzi za fokasi nyingi huhitaji miwani mara chache zaidi, na uwezo wao wa kuona mbali hautofautiani sana na wa wenzao wa fokasi moja. Wengi wao wanaridhika.

Lakini mapitio hayohayo yalieleza pia upande wa pili: watu hawa huona zaidi miduara ya mwanga kuzunguka taa, na mng'ao unaosumbua. Tatizo hili haliondolewi kwa kutafuta kiwanda bora, kwa sababu linatokana na jinsi lenzi yenyewe inavyofanya kazi. Lenzi nyingi za aina hii zimechongwa vipande vya duara vidogo sana vinavyogawa mwanga unaoingia. Katika muundo uliozoeleka wa fokasi mbili, takriban asilimia 41 ya mwanga huenda kwenye fokasi ya mbali, asilimia 41 nyingine kwenye ya karibu, na asilimia 18 iliyobaki haisaidii kuona chochote.

Asilimia hiyo 18 huwashtua watu, nami nadhani wanashtukia kitu kidogo. Kikubwa ni zile 41 za fokasi ambayo huitumii kwa wakati huo. Unapotazama gari linalokuja, mwanga wa fokasi ya karibu haupotei. Unafika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, ukiwa umetawanyika, na unaifunika taswira unayoitaka kwa utando hafifu. Mchana, mboni ikiwa ndogo na mwanga ukiwa mwingi, huenda usihisi kitu. Giza likiingia, mboni inapanuka, taa zinazungukwa na miduara, na mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara anazidi kufanana na giza lililo nyuma yake. Kinachopungua hapo ni uwezo wa kutofautisha vivuli vinavyokaribiana, jambo ambalo ubao wa herufi nyeusi juu ya weupe hauwezi kulipima. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusoma mstari wa mwisho kliniki kisha akalalamika kwamba haoni vizuri, na malalamiko yake yakawa ya kweli kabisa.

Ubongo huzoea, ndiyo. Kwa wengi miduara hiyo hupungua kusumbua baada ya miezi kadhaa. Ila kuzoea hakurudishi mwanga uliogawanywa, na lenzi hii inawekwa iwe ya maisha yote. Anayewekewa akiwa na miaka 60 ataitumia akiwa na 80, kwa retina ya miaka 80. Akija kupata presha ya macho, kuharibika kwa sehemu ya kati ya retina, au madhara ya kisukari machoni, magonjwa hayo nayo hupunguza uwezo uleule wa kutofautisha vivuli. Hasara mbili zitakutana katika jicho moja. Kwa mwenye dalili za magonjwa hayo tayari, sioni mjadala mrefu: fokasi moja.

Tena, hiyo inayoitwa ya kawaida ina nafasi nyingi ambazo watu hawaelezwi. Si lazima ipangwe kwa ajili ya mbali. Msomaji aliyezoea miwani ya mbali maisha yake yote anaweza kuomba macho yaachwe na upungufu wa kuona mbali wa dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), asome bila miwani katika sentimita 40. Wengine hupangiwa jicho moja la mbali na la pili la karibu, na mpango huo unaweza kujaribiwa kwanza kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho, mradi mtoto wa jicho hajakomaa mno. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, anaweza kupata lenzi ya fokasi moja inayoirekebisha.

Vyovyote utakavyochagua, vipimo vya jicho kabla ya upasuaji vina uzito mkubwa. Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza London, mwaka 1949, mgonjwa aliachwa na tatizo kubwa la kutoona mbali kwa sababu lenzi ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Leo kosa la milimita moja katika kupima urefu wa jicho linaweza kuleta tofauti ya dayopta 2.5 hadi 3. Lenzi za fokasi nyingi hazivumilii makosa kama zinavyovumilia za fokasi moja, na jicho kavu pekee linaweza kuharibu vipimo.

Akijuta, mtu anaweza kubadilishiwa lenzi, lakini kadiri miezi inavyopita ndivyo inavyozidi kushikamana na kifuko kilichoibeba. Kifuko kikishatobolewa kwa leza ili kuondoa ukungu unaojitokeza baadaye, kuibadilisha huwa kugumu na hatari zaidi. Kwa hiyo anayesumbuliwa na miduara tangu siku za mwanzo amweleze daktari mapema, na wakubaliane kama lenzi itabaki kabla ya leza hiyo kutumika.