Mwanafunzi wa tiba kazi, usilidharau shati

Wanafunzi wengi wanaoanza shahada ya tiba kazi, taaluma ya kumsaidia mtu mwenye ugonjwa au ulemavu azimudu shughuli zake za kila siku, hulikimbilia somo la anatomia na kulipuuza la uchambuzi wa shughuli. Nawaelewa. Anayekariri misuli na neva hujiona tabibu kamili, ilhali kujadili darasani jinsi mtu anavyovaa shati huonekana mchezo wa watoto. Lakini naamini roho ya taaluma hii imo humo humo kwenye shati.

Hebu lifikirie. Ili ulivae, lazima utambue mbele na nyuma, uketi bila kuyumba, uinue bega, kisha vidole vibane kifungo na kukipenyeza tunduni. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hufundishwa kuutanguliza mkono uliopooza anapovaa, na kuutoa mwisho anapovua. Utaratibu rahisi kuukariri. Ila kuna wagonjwa ambao mkono wa kushoto bado una nguvu, ubongo ndio ulioacha kuujali upande huo. Huyo ataliacha bega la kushoto wazi, akiamini amemaliza kuvaa. Mwanafunzi asiyejua kuichambua shughuli hatua kwa hatua atamhangaisha kwa mazoezi ya nguvu asiyoyahitaji.

Waliounda chama cha kwanza cha taaluma hii nchini Marekani, mwaka 1917, hawakuwa madaktari watupu. William Rush Dunton alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, ndiyo, lakini George Barton alikuwa msanifu majengo, na Susan Johnson mwalimu wa kazi za mikono. Naona fahari kwamba tulianza hivyo.

Kisha kuna mafunzo kwa vitendo. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi linataka yasipungue saa 1,000, na mimi nasema yaanze mapema, yasirundikwe mwaka wa mwisho. Huko ndiko mwanafunzi anakokutana na mama asiyetaka kusikia habari za nyuzi ngapi kiwiko kinakunjika; anataka kumsuka binti yake nywele. Kusuka nako kuna hatua zake, na hakuna kitabu kitakachokuchambulia zote kwa ajili ya mama huyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo ni hili: uchambuzi wa shughuli utahiniwe kwa vitendo, mbele ya mtu halisi, na alama zake zilingane na za anatomia. Mtihani wa anatomia nao ubaki mgumu vilevile.