Soketi Moja, Makabila Manne

Wanasema Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Usihangaike na vitabu. Ingia hosteli yoyote ya wanafunzi hapa Moshi saa mbili usiku, simama kwenye korido, nusa.

Chumba ni cha wanne: Mpare, Mhaya, Msukuma na Mpemba. Soketi moja, jiko moja la koili la wati 1,000. Mlangoni kuna tangazo "Kupika chumbani ni marufuku", na tangazo hilohilo ndilo la kushikia sufuria ya moto.

Wiki ya bumu, pesa ya mkopo ikiingia, hakuna ugomvi, kila mtu na chipsi mayai zake. Pesa ikikata, jiko linakuwa bunge.

Mpare anataka makande. Ndugu yangu, makande si chakula, ni mradi. Mahindi yaliyokobolewa vikombe viwili, maharage kimoja, vyote vilowekwe tangu asubuhi. Mpare halowekagi. Na Moshi tupo mlimani, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97, maharage yanaogelea tu kama yapo likizo. Masaa matatu jikoni, uniti tatu za umeme wa Luku zimeyeyuka, halafu anakwambia makande ni chakula cha kubana matumizi. Ya nani?

Mhaya yeye ni ndizi, lakini ndizi mshare za soko la Mbuyuni anazitazama kama mtu aliyeuziwa simu feki. Anazimenya bila kupaka mafuta mikononi, utomvu unamganda mweusi vidoleni, na vidole anavifutia wapi? Shuka ya kitanda cha chini. Si yake, yeye analala juu.

Mpemba katumwa nyanya, kaenda sokoni kuulizia tungule, maana kwao nyanya ndiyo tungule. Karudi na bilinganya.

Lakini kazi yenyewe ni Msukuma na ugali. Mwiko usiposimama wenyewe, kwake huo ni uji wa mgonjwa. Sasa jiko la koili lina miguu ya mbuzi mchanga. Anayesonga peke yake anamwaga. Inabidi Mpemba ashike sufuria kwa tangazo, Mpare akanyage jiko, Mhaya amulike kwa simu huku akilalamika kwamba kwao ugali si chakula. Muungano kamili. Tone moja la maji likidondokea koili nyekundu, inakatika. Fundi wa chumba anazima, anavuta ncha mbili, anazisokota, jiko linawaka kuliko mwanzo. Wanashangilia! Hawajui koili ikifupishwa inavuta umeme mwingi zaidi, kwa hiyo itakatika tena keshokutwa, palepale pembeni ya kifundo.

Halafu chumba cha pili wapo Wachaga, wanajiandaa kwa kipindi cha kesho: pasi wati 1,200. Cha tatu mtu kachomeka hita kwenye ndoo ya kuoga, maana Julai ya Moshi haina utani: wati 1,500. Jumlisha na koili yetu, 3,700. Breka ya korido ni ya ampea 10, inabeba kama 2,300.

Tap! Giza.

Hapo ndipo utasikia lugha zote za nchi hii zikitukana kwa mpigo, na Kiswahili kimoja tu kinachoeleweka: "Nani huyo mwenye hitaaa?"

Funguo za boksi la breka anazo mlinzi. Anakuja taratibu na tochi, hagusi boksi. Anachungulia kwanza sufuria.

"Makande yameiva?"