Hiki kitabu cha kutisha waachieni vijana wetu wakisome

Shule kadhaa za bweni ninazozijua hapa Uganda, metroni akikuta riwaya ya kutisha chini ya godoro anaondoka nayo, na mzazi akipigiwa simu anaunga mkono moja kwa moja. Sababu ni ile ile siku zote, eti vitabu vya namna hiyo vinaita mapepo. Hofu yenyewe naielewa inakotoka. Visa vya wanafunzi kuanguka na kupiga mayowe bwenini usiku tumevisikia sana, na ukikulia Buganda habari za abasezi, wale wanaotembea usiku na kufukua makaburi, unazijua hata kabla hujajua kusoma. Lakini kuna kitabu kimoja nataka kukitetea maana nakipenda kwelikweli, I Know What You Did Last Summer (yaani Najua Ulichofanya Kiangazi Kilichopita) cha Lois Duncan, kilitoka Marekani 1973. Ntakisimulia mpaka mwisho kwa hiyo kama unataka kukisoma mwenyewe acha hapa, nenda kakitafute kwanza.

Vijana wanne, Julie, Ray, Helen na Barry, wanarudi usiku kutoka matembezi milimani, Barry ndo anaendesha, wanamgonga mtoto aliyekuwa kwenye baiskeli na hawasimami. Wanapiga simu ya kuomba gari la wagonjwa lakini kurudi pale hawarudi, mtoto anakufa, wanaapishana kwamba hakuna atakayesema. Julie alitaka warudi, wenzake wakamzidi. Mwaka unapita, siku ile ile Julie anapopata barua ya kukubaliwa chuo inakuja na barua nyingine isiyo na jina la mwandishi, ndani ina sentensi moja tu, ile iliyokuwa jina la kitabu. Yaani furaha na kiama vimefika kwa posta moja.

Sasa hapo ndo utamu wenyewe. Julie ana rafiki wa kiume mpya anaitwa Bud, mkubwa kidogo kwake, amerudi kutoka vita vya Vietnam, mpole, anaongea taratibu, hana papara. Helen naye anaishi kwenye fleti na kuna jirani mpya, Collie, kijana mzuri wanayekutana kwenye bwawa la kuogelea. Tunamwona Bud kwenye sura za Julie, tunamwona Collie kwenye sura za Helen, na wewe msomaji umekaa pale unahangaika nani anatuma vitisho, nani amempiga Barry risasi, unamshuku huyu unamshuku yule. Halafu mwishoni kabisa inafunguka, Bud na Collie ni mtu mmoja. Collingsworth Wilson, kaka wa yule mtoto, mama mmoja baba mbalimbali. Muda wote alikuwa anakaa sebuleni kwa akina Julie anaongea na mama yake vizuri tu!

Mpwa wangu aliyeko Sinia Two, yaani kidato cha pili, nilimwazima likizo moja, alikuwa amelala tumbo kwenye mkeka barazani, alipofika pale Helen anapojifungia bafuni na kuvunja dirisha ili atoroke akakaa wima ghafla. Akasoma mpaka chini ya ukurasa. Halafu akaanza kurudi nyuma, anafunua kurasa kwa haraka huku kidole kingine kimebaki pale alipoishia, akawa anasema "shangazi subiri, subiri, mbona hawajawahi kukaa pamoja, Julie na Helen hawajawahi kumwona huyu mtu wakiwa wote". Na kweli, hawajawahi. Julie na Helen wamekwepana mwaka mzima kwa sababu ya ile siri, kila mmoja akimwona mwenzake anaikumbuka ile barabara, kwa hiyo hakuna aliyemtambulisha rafiki yake mpya kwa mwingine. Wangekuwa bado marafiki kama zamani, jioni moja tu ya kukaa pamoja ingemuumbua Bud. Mwandishi hakuficha kitu, aliyeficha ni ile hatia yao wenyewe.

Hiyo ndo twisti ninayoiita twisti. Ukishaijua unarudi ukurasa wa kwanza na kitabu kinakuwa kingine kabisa, maneno ya Bud uliyoyaona ya kawaida sasa yanakutia baridi.

Nasema hivi kwa sababu mi ni msomaji mkubwa wa simulizi za kwenye simu, zile zinazorushwa WhatsApp na Facebook kutoka Tanzania na Kenya sehemu ya kwanza mpaka ya sabini, na nazipenda, zimenifundisha Kiswahili kingi kuliko darasa lolote. Ila kwenye hizi za kutisha waandishi wengi wanakosea pale pale. Kila sehemu lazima iishe na mshtuko ili mtu alipie inayofuata, kwa hiyo leo marehemu anafufuka, kesho tunaambiwa alikuwa pacha, keshokutwa mhusika anaamka kitandani jasho linamtoka kumbe alikuwa anaota. Unashtuka ndio, lakini ukirudi nyuma hukuti hata alama moja ya kukuonyesha kwamba jambo hilo lilikuwa linakuja. Msomaji wa miaka kumi na minne anajua akidanganywa, anaweza asiseme lakini anajua, na baada ya ndoto ya pili haogopi tena chochote maana ameshaona hakuna kinachotokea kweli.

Na wala siyo kwamba Waswahili hatuna mfano wetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale 1960, mwili unakutwa pale kwenye mzimu, mahali watu wanapoheshimu na kuogopa, halafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza maswali kuhusu watu walio hai. Kile siyo kitabu cha vijana na hakikuandikwa kukutisha, ni cha upelelezi, ila njia ni hiyo hiyo, unaletewa giza la mizimu halafu unaonyeshwa mkono wa binadamu. Mtu aliyekulia na hadithi za abasezi anahitaji sana kusoma kitabu cha namna hiyo angalau kimoja.

Sasa wale wanaosema "lakini niliona ile filamu, ni damu tupu". Filamu ya 1997 ni kitu kingine jamani, ina mvuvi mwenye ndoano anayeua watu mmoja mmoja. Kwenye kitabu, kati ya wale wanne hakuna anayekufa. Hata mmoja! Anayekufa ni yule mtoto wa baiskeli peke yake na alishakufa kabla hadithi haijaanza. Lois Duncan mwenyewe hakuifurahia hiyo filamu, na ukijua maisha yake unaelewa, mwaka 1989 binti yake wa miaka 18 aliuawa kwa risasi akiwa anaendesha gari Albuquerque, na 1992 mama akaandika kitabu cha kweli akimtafuta muuaji. Mtu kama huyo kifo hakikuwa mchezo kwake. Alifariki 2016.

Kingine, kisa chenyewe ni chetu kuliko mnavyodhani. Mwaka 2023 polisi wa Uganda walihesabu zaidi ya watu 4,800 waliokufa barabarani, na wengi ni watembea kwa miguu na watu wa boda. Kila mtu Kampala anamjua mtu ambaye ndugu yake aligongwa usiku na gari halikusimama. Dereva anaogopa polisi, anaogopa zaidi umati utakaomkuta pale, anakanyaga mafuta anaondoka, kesho yake anakunywa chai kama watu wengine. Mtoto wetu akisoma Barry anavyowashawishi wenzake waendelee na safari anaielewa hofu yao yote, hahitaji mtu wa kumfafanulia Marekani ikoje. Na anaona pia upande wa pili, wa familia iliyobaki na baiskeli iliyopinda, ambao filamu nyingi haziugusi kabisa.

Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Vizuri sana, nilifurahi mno. Lakini mtoto wa Gulu au Mbarara anayeanza Kiswahili leo anapewa nini asome baada ya ngeli na methali? Vijitabu vya maswali ya mtihani. Walimu wangu wapendwa wa Kiswahili, mnaoandika, na najua mnaandika maana huwa mnanitumia mashairi yenu, tuandikieni riwaya moja ya kutisha ya vijana wa hapa. Watahiniwa wanne wa Sinia Six wametoka Entebbe ufukweni usiku, gari la baba yake mmoja wao, mvua, mtu na baiskeli yenye matoke. Mwaka unaofuata wameshatawanyika, mmoja yuko Makerere, mmoja anauza simu Kikuubo, kule madukani Kampala, na kila mmoja amepata rafiki mpya. Kurasa mia na hamsini zinatosha. Metroni mpeni nakala yake ya kwanza asome kabla hajaamua kuichukua.