Sonona ya maskini: kliniki au kipato?

Marekani wanabishana siku nyingi: mtu maskini akisumbuliwa na sonona (ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha), pesa ya serikali iende kwenye kliniki ya mtaani kwake au mfukoni mwake?

Wanaotetea kliniki wana hoja nzito. Barbara Starfield wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alifanya utafiti kwa miaka mingi akionyesha kwamba penye huduma nzuri ya afya ya msingi, pengo la afya kati ya tajiri na maskini hupungua. Kwa magonjwa ya akili hilo linaeleweka upesi. Ni wachache wanaoingia kwa daktari wakasema "nina sonona". Mtu analalamikia mgongo, kichwa, usingizi. Daktari aliyemtibu tangu zamani ataona amebadilika. Anayemwona mara ya kwanza, tena kwa haraka, atamwandikia dawa ya maumivu basi.

Upande wa pili wana mfano wa Cherokee, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, wa jimbo la North Carolina. Miaka ya 1990 kabila hilo lilifungua kasino, kila mwanakabila akawa anapata mgawo wa faida. Mtafiti Jane Costello na wenzake, waliokuwa tayari wanawafuatilia watoto wa eneo hilo, walikuta wale ambao familia zao zilitoka kwenye umaskini wamepunguza ukaidi na ugomvi. Lakini (na hapa wengi huruka) wasiwasi na sonona havikupungua vivyo hivyo. Pesa ilitibu kimoja, kingine ikakiacha.

Kwangu mimi kuchagua upande mmoja ni kujitakia hasara. Daktari Jack Geiger, aliyeanzisha kituo cha afya Mound Bayou, Mississippi, miaka ya 1960, aliwaandikia watoto wenye utapiamlo chakula kama anavyoandika dawa. Wakubwa walipong'aka, akajibu kuwa vitabu vyake vinasema tiba ya utapiamlo ni chakula.

Linalobaki gumu ni rangi. Wamarekani Weusi hawapatwi na sonona zaidi ya Wazungu, ila ikiwapata huwakalia muda mrefu zaidi na matibabu huwa haba. Tena huandikiwa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo) mara nyingi kuliko Wazungu, hata pale dalili zinapoelekea kwenye sonona. Kosa hilo halitokani na mfuko wa mgonjwa, na kuongeza kliniki peke yake hakulifuti, kwa sababu linafanyika humo humo ndani ya chumba cha daktari. Dawa yake ni kukagua mafaili: nani aliandikiwa nini, na kwa dalili zipi.