Inchi Tatu za Dalali

Leo mnivumilie, maana nimechoka kusikia watu wakitaja inchi kama wanavyotaja umri wa watoto wao. "Bosi wangu, hii imenyanyuliwa inchi tatu, shokapu mpya kabisa, wewe ni kuwasha tu unaenda Loliondo." Hayo aliambiwa mdogo wangu na dalali mmoja hapa Arusha, naye akatoa hela. Gari lenyewe ni Toyota Prado 90, ya mwishoni mwa miaka ya tisini, matairi manene, taa za nyongeza juu ya bampa, stika ya simba mlangoni. Stika nayo ilihesabiwa kwenye bei, sina shaka.

Haukupita muda akaniletea. "Kaka, fundi anasema shokapu za nyuma zinavuja. Nikanunue za inchi tatu?" Nikamuuliza hizo inchi tatu kapima nani. Akaniangalia kama nimemuuliza jina la babu yake dalali.

Jamani, kupima hakuhitaji shahada. Weka gari kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi uwe sawa, lisukume mbele na nyuma kidogo ili springi zikae panapozistahili. Chukua futi ya chuma, pima kuanzia katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenda juu wima mpaka ukingo wa madigadi. Magurudumu yote manne, maana upande wa dereva na ule mwingine mara nyingi havilingani. Usianzie sakafuni! Ukianzia sakafuni unapima na tairi, na tairi ndilo linalowadanganya watu.

Kisha tafuta gari kama hilohilo ambalo halijaguswa, pima vilevile, linganisha. Arusha hukosi Prado ya mzee fulani ambayo tangu ishuke melini haijabadilishwa hata kapeti. Sawa, springi zake zimechoka na zimelala kidogo, hesabu haitakuwa ya maabara. Bado ni afadhali kuliko neno la mtu anayekula asilimia.

Tulipolinganisha, tofauti ilikuwa sentimita mbili na nusu. Inchi moja.

Nyingine ikatoka wapi? Prado ile ya kiwandani huvaa 265/70R16, tairi lenye kipenyo cha kama milimita 777. Hili la mdogo wangu limevalishwa 285/75R16, kama milimita 834. Tofauti ni 57, na nusu yake tu ndiyo inayopandisha gari, yaani milimita 28. Jumlisha: inchi moja ya springi, moja na kidogo ya tairi. Ya tatu ilikuwa mdomoni mwa dalali na nadhani bado ipo, atamuuzia mwingine.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo hela zinapopotea. Ile inchi ya tairi shokapu haiijui. Tairi liwe kubwa, liwe dogo, umbali kati ya ekseli na chesisi haubadiliki. Kadhalika ukikutana na gari ambalo bodi yake imewekewa vipande juu ya chesisi: futi yako ya habu na madigadi itasoma limenyanyuka sana, huku shokapu zikiwa palepale zilipokuwa kiwandani. Kwa hiyo, kama kweli unataka shokapu, ingia chini ya gari. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, pima kutoka shokapu inaposhikwa juu mpaka inaposhikwa chini. Halafu pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na ile raba ya kizuizi inayoipokea gari likipiga shimo. Toa hiyo nafasi, toa tena sentimita kama mbili kwa sababu raba yenyewe hubonyea. Jibu unalopata ndio urefu ambao shokapu mpya ikibonyezwa mpaka mwisho isiuzidi. Ukiuzidi, shokapu inakuwa ndiyo kizuizi, na haikuumbwa kwa kazi hiyo: itagonga chini kwa chini, vali ya ndani itapasuka, mafuta yatamwagika, nawe utarudi dukani kulalamika umeuziwa feki.

Upande wa pili, nyanyua chesisi kwa jeki mpaka ekseli ining'inie, huku jicho lako likiwa kwenye paipu ya breki, pima tena. Shokapu ikivutwa mpaka mwisho bado ikawa fupi kuliko hapo, kila ukivuka korongo yenyewe ndiyo itakayobeba ekseli nzima na tairi lake. Bushi zitakatika kwanza, kisha kishikio.

Yule kijana angenunua za inchi tatu kwa gari lenye inchi moja. Zingeingia vizuri tu, zingependeza, rangi zake nzuri. Mpaka shimo la kwanza.

Na tuelewane, shokapu hainyanyui gari. Uzito umebebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuzituliza zisiendelee kurukaruka. Nimeshakutana na watu wazima, wana familia, wamenunua shokapu ndefu wakitegemea asubuhi gari liamke limesimama.

Nikubali jambo moja, ingawa sipendi. Kuna watu wanahitaji gari lililonyanyuka. Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika haukuulizi maoni yako. Wenzetu wa magari ya watalii hunyanyua kwa hesabu: wanajua litabeba watu wangapi, mafuta kiasi gani, wanachagua springi za uzito huo na shokapu za kufuatana nazo. Kwenye ile barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, iliyojikunja kama bati, shokapu dhaifu huchemka mpaka mafuta yake yanatoa povu na gari linaanza kuelea. Hao siwagombezi. Nagombana na anayekwenda soko la Kilombero hapahapa mjini na kurudi, huku amewekewa vipande vya nailoni juu ya springi za mbele na fundi aliyekadiria kwa macho.

Vile vipande, kwa taarifa yenu, kwenye Prado ya aina hii kipande cha milimita 25 juu ya springi ya mbele hunyanyua gurudumu karibu maradufu ya hapo, kwa jinsi mkono wa chini ulivyokaa. Mtu anaomba inchi moja anapata mbili, sivi jointi, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, zinakaa upande, buti zake za raba zinachanika, mchanga unaingia. Alaimenti ndiyo kabisa, wengi hata hawairudii.

Tukafunga shokapu za urefu wa kiwandani, jozi nzima ya nyuma, si ile moja iliyovuja zaidi. Bolti za chini zilikuwa zimeota kutu, zikalowekwa mafuta usiku kucha. Kabla hazijafunguliwa tukaweka jeki chini ya ekseli, kwa sababu wakati mwingine shokapu ndiyo inayoizuia isishuke, na ukiifungua ekseli inadondoka na kuvuta paipu ya breki. Hilo fundi alilijua, nampa heshima yake. Ambalo hakulijua, au alilijua akalipuuza, ni kwamba bolti zenye bushi za raba hukazwa mwisho gari likiwa limeshakanyaga chini. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba inashikwa ikiwa katika mkao huo. Ukishusha gari inajipinda na kubaki imejipinda maisha yake yote, ambayo hayatakuwa marefu. Nilimuomba alegeze akaze upya. Akalegeza, huku akimwambia msaidizi wake kuna wateja wanasoma sana.

Shokapu za mbele, ambazo zimekaa ndani ya springi, nilikataa zisifanyiwe kazi pale. Wanafunga hiyo springi, koili wanavyoiita, kwa waya wa binding ili waitoe kwenye shokapu. Waya! Koili ya gari hili imebanwa kwa nguvu ya kuweza kumvunja mtu taya, au kumuua. Kama gereji haina kifaa chenye skrubu cha kuibana, ondoka, hata kama fundi ni shemeji yako.

Matairi ya 285 yanauzwa, kama kuna mwenye gari linaloyastahili. Kwenye Prado hii yanakwangua madigadi kila ukikata kona kali, na ile vali ya breki za nyuma, inayosoma uzito kwa mkono uliofungwa kwenye ekseli, haijarekebishwa tangu gari linyanyuliwe. Nyuma ikiwa juu, vali inadhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu hata gari likijaa watu. Nimeuliza gereji tatu nani anaweza kuirekebisha. Moja wamesema waing'oe tu. Mdogo wangu amekatazwa kushuka nalo Mto wa Mbu mpaka nipate ya nne.