Mr. Bean kule Ufaransa: kicheko chake analipa nani?

Ile filamu ya Mr. Bean's Holiday ya 2007 bado inazunguka huku kwetu Zanzibar, kwenye fleshi, kwenye simu, kwenye tivii likizo za skuli zikifika, na kila ikiwekwa ubishi ni ule ule. Kuna wanaosema hiyo ndo komedi unayoweza kumuwekea mtoto ukaenda zako jikoni kukuna nazi bila wasiwasi, na kuna wanaosema upuuzi mtupu, jitu zima linakodoa macho saa moja na nusu halafu watoto wanaiga. Mie naegemea kwa wanaocheka, nisiseme uongo, ila ipo sehemu inanikwaza na wala si hiyo ya kuiga.

Kwa asiyeiona, kisa ni hichi: Bean (Rowan Atkinson huyo huyo wa ile tamthilia ya 1990 mpaka 1995) anashinda bahati nasibu kanisani London, zawadi ni safari ya Cannes kusini mwa Ufaransa, kamera ya video na euro 200. Anataka kwenda ufukweni tu, basi. Anapanda treni mpaka Paris, na kutoka hapo hakuna kinachokwenda sawa, anaingia teksi isiyokuwa yake, anapelekwa siko, halafu anatoa dira na kuamua kwenda kwa miguu moja kwa moja kama sindano inavyoonesha, apite juu ya chochote kilicho mbele, hajali.

Ile ya dira tu inatosha kuonesha kwa nini huyu mtu kateka dunia nzima. Hasemi kitu. Neno moja moja la Kifaransa, "oui", "non", akisifiwa kuwa anakijua Kifaransa vizuri anashukuru kwa Kihispania, kwisha habari. Filamu nyingi za kizungu huku kwetu kuna mtu lazima awe anafasiri, mtoto aliyefika skuli ndo anamwambia bibi yake "kasema hivi, kasema vile", na bibi akifikiwa na kichekesho wenzake washamaliza kucheka zamani. Kwa Bean bibi anacheka wa mwanzo. Hata kwa marehemu Mzee Majuto, mchekeshaji wetu, pamoja na mbio zake zote na kupigwa kwake, nusu ya utamu ilikuwa mdomoni, ukimpeleka kwa Mfaransa asiyejua Kiswahili kapoteza mengi. Marekani filamu hii waliipa alama ya G, yaani yeyote aangalie, na iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Sasa pesa si ushahidi wa uzuri, lakini ni ushahidi kuwa watu wa lugha mbali mbali walielewa.

Sehemu ya hoteli ndo ya kuitizama kwa utulivu. Bean kakaa mkahawa wa kifahari pale stesheni ya Gare de Lyon, mhudumu mzee anamsomea menyu, yeye kila kitu "oui" tu kwa aibu ya kutojua. Linakuja sinia la vyakula vya bahari. Anamshika kamba mkubwa anamtafuna na gamba lake, krr krr krr, uso anaulazimisha uonekane umeridhika kwa sababu yule mzee kamsimamia hapo hapo. Chaza ndo kabisa, hawezi, anajifanya anameza kumbe anawatia kwenye kitambaa, kisha wote anawamimina kwenye mkoba wa mama aliyekaa meza ya pili. Simu ya yule mama ikalia, akatia mkono. Watoto wetu hapa wanacheka mara mbili, maana mtoto wa pwani anajua kamba anamenywa vipi tangu hajaota meno ya mbele, na huyu mtu mzima mwenye tai hajui. Huo ndo utetezi mkubwa wa filamu hii kwangu mie. Komedi za safari mara nyingi mjinga ni mwenyeji, anachekwa lafudhi, anachekwa chakula, anachekwa nguo. Hapa mjinga ni msafiri, na wenyeji wapo wazima na kazi zao, wanamtizama tu.

Lakini sasa. Kuna kijana wa mtaani kwetu anafanya kazi hoteli moja huko Nungwi, sehemu hiyo ya mkoba alicheka halafu akanyamaza akasema, "huyu mama akenda kulalamika, anayeitwa ofisini nani?" Na kweli, filamu hairudi tena pale mkahawani. Mkoba umeharibika, mhudumu kabaki na kesi, mgeni kaondoka zake. Muingereza akiangalia anajiona kwenye Bean, anasema loo mie pia niliwahi kuaibika ugenini. Sie tunaoishi kwa utalii tukiangalia vizuri tupo upande wa pili, wa mwenye teksi, wa anayesafisha meza, na wageni wa namna hiyo tunawajua, wengine wapole kama Bean, tena wapole zaidi, ila uharibifu ni ule ule. Si dhambi ya filamu hiyo, komedi ikianza kuhesabu hasara za kila mtu itakuwa ripoti ya bima. Nasema tu kuwa kicheko kina bili.

Na bili kubwa kaibeba mtoto, hapa ndo pananikwaza. Pale stesheni Bean anamuomba baba mmoja, mtengeneza filamu wa Kirusi, amrikodi anapanda treni, mara moja haikupendeza, tena, tena, mpaka milango ikafungwa, baba kabaki nje, na mtoto wake Stepan kaondoka na treni bila yeye. Treni nyengine inapopita baba anawaonesha namba ya simu kwenye karatasi na vidole vimeziba tarakimu mbili za mwisho (hapa hata mie nilicheka, potelea mbali). Kuanzia hapo mtoto anazunguka nchi ya watu na mtu asiyemjua, hawana pesa, pasi na pochi vimesahauliwa, wanacheza barabarani sokoni wapate nauli, na habari kwenye tivii zinasema mtoto kaibiwa. Watetezi watasema mwisho wanakutana Cannes na mtoto mwenyewe alifurahi. Ni kweli, na Bean kafanya juhudi za haki kumrudisha, hilo tumpe. Ila huku kwetu kutwa tunawaambia watoto usiongozane na mtu usiyemjua hata akikupa halua, halafu tunawawekea filamu ambayo mtu usiyemjua ndo rafiki bora wa safari. Wanaogopa mtoto ataiga kutafuna gamba la kamba, mie gamba silijali, atalitema. Hii ya Stepan ndo ya kukaa na mtoto mkaizungumza, sio kwenda jikoni.

La pasi nalipitia haraka. Bean kapoteza pasi na safari inaendelea, anafukuza kuku kwa baiskeli kwa kuwa tiketi ya basi imemganda kuku huyo mguuni, raha tupu. Mtu wa Wete, Pemba, akitaka vituko hivyo aanze boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar, euro 90 za viza, taarifa za benki, barua ya kazi, na akipoteza pasi hiyo komedi imeishia hapo hapo. Mgeni akija kwetu viza anaipata uwanjani. Atkinson hakuutunga yeye huo utaratibu, basi tuendelee.

Ubishi wenyewe wa upuuzi na sanaa filamu inauingilia mwishoni, na hapo inacheza rafu. Willem Dafoe anaigiza mtengeneza filamu mwenye majivuno, filamu yake inaoneshwa kwenye tamasha la Cannes, ni yeye mwenyewe anazungumza juu ya nafsi yake, ukumbi mzima unasinzia. Bean anachomeka video za kamera yake, watu wanaamka, wanashangiria. Inachekesha, lakini hiyo ni kesi ambayo mshitaki ndo kamchagua wakili wa mshitakiwa, na kachagua dhaifu. Sie tuna tamasha letu la filamu hapa tangu 1998, Ngome Kongwe, na anayekaa pale usiku anajua zipo filamu za polepole, hamna anayeanguka wala kukimbizwa, na watu hawaondoki kwenye viti. Zipo na za kusinzia, wallahi zipo. Ila kusema kila anayetafuta maneno mazito ni Dafoe yule, na kila anayeteleza kwenye ganda la ndizi ndo anayeijua roho ya watazamaji, hapo Bean kanidanganya.